Kiashiria na Kiashiriwa: Ruhusa za Mafaili katika Viungo vya Ishara

Makala haya yanadhamiria kufafanua jinsi kompyuta inavyoshughulikia ruhusa za kiungo cha ishara. Kiungo hicho, kilichoingia katika Unix kwa toleo la 4.2BSD mwaka 1983, ni faili dogo lisilobeba lolote ila anwani ya faili jingine. Mwanaisimu atakitambua mara moja: kiungo ni kiashiria, faili lengwa ni kiashiriwa. Kibao cha barabarani kielekezacho Macalder, katika Kaunti ya Migori, si mji wa Macalder; anayekipaka rangi hajaugusa mji.

Je, anayebadili ruhusa kupitia kiungo hubadili nini? Tuchukulie kwamba mtafiti amerekodi masimulizi ya wachimbaji dhahabu wa Macalder, akayahifadhi katika diski ya pamoja ya idara. Katika folda yake iitwayo "macalder" ameweka kiungo tu, kiitwacho "njia". Akitumia Linux na kutoa amri "chmod 600 njia", faili lengwa ndilo litakalofungwa, lisomwe na mwenyewe pekee. Amri ya "ls -l njia" itaonyesha kuwa kiungo kingali na lrwxrwxrwx, yaani ruhusa zote kwa watu wote. Ruhusa hizo ni pambo. Msomaji hupimwa kwa ruhusa za faili lengwa na za folda zinazolifikia.

Hata hivyo, mifumo hutofautiana. FreeBSD na macOS huruhusu kubadili ruhusa za kiungo chenyewe kwa "chmod -h". Katika Linux, baadhi ya mifumo ya mafaili ilikuwa ikizibadili na papo hapo kutoa ujumbe wa kosa, hadi toleo la 6.6 la mwaka 2023 lilipokataza badiliko hilo.

Hatari kubwa imo katika amri ya "chmod -R go-rwx macalder". Amri hiyo hufunga yaliyomo ndani ya folda, lakini huviruka viungo inavyokutana navyo. Masimulizi yaliyo katika diski ya idara hubaki wazi, ilhali mtafiti aliyewaahidi wasimulizi usiri anaamini ametimiza ahadi yake.

Kwa hiyo, ni vyema mtafiti ahakikishe kwa "ls -lL", amri inayoonyesha ruhusa za kiashiriwa. Aliyefunga kiashiria hajafunga kitu.