Kutoka Karavia hadi Sankisia: barabara ya mashini iliyomezwa na pori

LUBUMBASHI – Jumapili alasiri, Route du Golf upande wa Karavia inajaa magari. Misafara ya harusi inapita ikipiga honi kuelekea hoteli iliyo kando ya ziwa, vijana wa pikipiki wanakatiza katikati yake, na mwenye jeep mpya anapunguza mwendo ili watu wapate muda wa kuiangalia. Lubumbashi ni mji unaopenda magari. Hata hivyo, si wengi kati ya wanaopita hapo wanaojua kwamba mwaka 1915 mji huu ulipitiwa na safari ya mashini ambayo hadi leo inaandikiwa vitabu huko Ulaya, na kwamba barabara ya safari hiyo ilikatwa kwa shoka na jembe na watu wa Katanga.

Tarehe 26 Julai 1915, treni iliyotoka Cape Town iliingia Elisabethville, jina la Lubumbashi wakati ule. Mji ulikuwa na umri wa miaka 5. Reli ilikuwa imefika mwaka 1910, na tanuru la Union Minière lilikuwa limeanza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Juu ya mabehewa ya treni hiyo kulikuwa na boti mbili za injini, kila moja na urefu wa mita 12 hivi. Majina yao yalikuwa Mimi na Toutou.

Msomaji wa Kiswahili atacheka, na ana haki. Mkuu wa msafara, mwanamaji Mwingereza Geoffrey Spicer-Simson, alitaka kwanza kuziita Paka na Mbwa. Wakubwa wake huko London walikataa. Akaleta majina mengine ya Kifaransa cha watoto wadogo, yenye maana ileile, na safari hii wakakubali.

Boti zilikuwa zinakwenda Ziwa Tanganyika. Mwezi Agosti 1914, mwanzoni mwa Vita ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani walishambulia meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, na kuiharibu. Tangu siku hiyo ziwa lote lilikuwa mikononi mwao: askari wao waliweza kuvuka kutoka Kigoma na kushuka popote kwenye upande wa Kongo. Mwindaji mmoja wa tembo, John Lee, ndiye aliyewapelekea wakubwa wa jeshi la majini la Uingereza wazo la kuleta boti ndogo zenye mbio, kwa treni hadi mahali reli inapoishia, kisha kwa kuvutwa juu ya nchi kavu.

Na reli iliishia Fungurume.

Leo mtu akitoka Karavia asubuhi na gari zuri, anapita Likasi baada ya kilomita 120 hivi na kufika Fungurume kabla ya chakula cha mchana, ikiwa makamyo yatamruhusu. Mwaka 1915 hapo ndipo dunia ya mashini ilipokoma. Mbele kulikuwa na kilomita 200 hivi za pori, mabonde, vijito na milima ya Mitumba, katika nchi ya Wasanga na Waluba, hadi Sankisia. Kutoka Sankisia kulikuwa na kipande kifupi cha reli kinachofika Bukama, kwenye mto Lualaba.

Mashindano yenyewe yalikuwa na mvua. Mtu yeyote wa Katanga anajua hesabu hiyo: ikishaanza kunyesha sawasawa mwezi Oktoba, udongo mwekundu unageuka sabuni, na chombo chenye uzito hakiendi. Msafara uliondoka Fungurume katikati ya Agosti. Ulikuwa na wiki sita tu.

Lee alikuwa ametangulia kuchagua njia na kuanzisha kazi ya kuikata. Kabla boti hazijafika aliondolewa kazini, kwa maneno ya ulevi ambayo wengine wamekuwa wakiyatilia shaka tangu wakati ule. Kazi iliendelea bila yeye. Watawala wa Kibelgiji walikusanya wanaume kwa mamia kutoka vijiji vya jirani. Walikata miti, wakang'oa visiki, wakajaza mashimo, wakachimba pembeni mwa vilima. Walijenga madaraja zaidi ya 100, yote kwa magogo yaliyokatwa palepale. Madaraja hayo hayakujengwa kwa ajili ya watu wenye mizigo kichwani. Yalitakiwa kubeba trekta mbili za mvuke, mashini za chuma zenye magurudumu makubwa, na nyuma yake boti ya tani kadhaa juu ya toroli.

Haikwenda vizuri. Mwanzoni kabisa toroli zilivunjika. Trekta zilizama, zikainama pembeni mwa njia, na kila mara watu na ng'ombe waliitwa kuzinyanyua. Palipokuwa na mlima mkali, trekta ilipelekwa juu kwanza, ikafungwa imara, kisha ikavuta boti kwa kamba ya chuma, hatua kwa hatua. Kushuka kulikuwa kubaya zaidi, maana boti ilitaka kukimbia mbele ya mashini inayoizuia. Siku nyingine walikwenda kilomita chache tu, na jioni moto wa kambi ya jana ulikuwa bado unaonekana nyuma yao.

Halafu kukaja kiu. Mashini ya mvuke inakula kuni na kunywa maji, na mwisho wa kiangazi vijito vya juu ya Mitumba vinakauka. Kuni zilikuwepo tele. Maji hayakuwepo. Wanawake wa vijiji waliletwa, wakatembea kilomita nyingi hadi penye maji, wakarudi na vyombo vichwani, wakayamimina ndani ya tumbo la trekta. Waingereza nao walipimiwa maji ya kunywa. Katika hadithi yote ya Mimi na Toutou hapa ndipo penye uzito kuliko mahali pengine, hata kuliko mizinga ya baadaye: mashini ya kisasa kabisa katika nchi nzima ilisimama porini ikingoja mama mwenye mtungi.

Tarehe 28 Septemba 1915 boti zote mbili zilifika Sankisia, nzima. Mvua ilikuwa karibu.

Yaliyofuata ni maarufu zaidi. Treni ndogo ilizipeleka Bukama, zikashuka Lualaba zikikwama kwenye mchanga mara nyingi, zikapanda tena treni kutoka Kabalo hadi Lukuga, Kalemie ya leo, mwishoni mwa Oktoba. Tarehe 26 Desemba ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 Mimi ilisaidia kuizamisha Hedwig von Wissmann. Meli kubwa, Goetzen, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe huko Kigoma mwezi Julai mwaka huohuo ili isichukuliwe. Iliinuliwa miaka 8 baadaye, ikapewa jina la Liemba, na wasafiri wengi wa pwani za Tanganyika wamelala kwenye sitaha yake.

Na barabara? Mwaka 1918 reli ilifika Bukama. Tangu siku hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kupitisha mashini kwenye njia ile. Magogo ya pori hayashindani na mchwa kwa miaka 100, na njia isiyopitwa katika misitu ya miombo inafungwa na majani baada ya misimu michache.

Wakati huohuo, upande wa pili wa Atlantiki, kulikuwa na barabara nyingine iliyojengwa kwa ajili ya mashini. Tajiri wa New York, William Vanderbilt, alianzisha mashindano ya magari kwenye kisiwa cha Long Island mwaka 1904. Magari yalikimbia kwenye barabara za kawaida za vijiji, na watu walisimama katikati ya njia hadi gari likawa karibu kuwagusa. Mwaka 1906 mtazamaji mmoja aligongwa akafa. Vanderbilt na wenzake wakaamua kujenga barabara yao ya magari peke yake, yenye madaraja ili isikutane na njia nyingine. Kipande cha kwanza kilitumiwa kwa mashindano ya Oktoba 1908. Baadaye barabara ilifika kilomita 70 hivi, na kila aliyetaka kupita alilipa. Wanaolipa peaji kwenye barabara ya Likasi leo wataelewa. Ilifungwa mwaka 1938, kwa sababu serikali ilikuwa imejenga barabara bora zisizolipiwa.

Lakini haikupotea yote. Katika eneo la Queens, sehemu ya barabara ile imekuwa njia ya baiskeli, na baadhi ya madaraja yake ya saruji bado yapo. Mtoto wa kule anaweza kupita juu yake na kuambiwa: hapa ndipo magari ya zamani yalipopita.

Tofauti inaanzia kwenye vifaa: saruji inadumu, gogo linaoza. Ipo pia kwenye kumbukumbu. Majina ya Waingereza 28 hivi wa msafara wa Spicer-Simson yanajulikana, na maisha ya baadhi yao yamechunguzwa hadi tabia zao mezani. Wanaume waliojenga madaraja zaidi ya 100 kati ya Fungurume na Sankisia wanatajwa kwa mamia tu, na wanawake wa maji hivyohivyo. Lakini watu hawa walikuwa na watoto, na watoto wao walikuwa na wajukuu, ambao huenda wapo leo Bukama, Lubudi, Likasi, au hapa Lubumbashi kwenye pikipiki inayokatiza msafara wa harusi. Simulizi za familia za aina hii haziozi kama magogo, lakini nazo zina muda wake. Mtu aliyezaliwa mwaka 1940 angeweza kumsikia babu yake akieleza jinsi trekta ilivyovutwa mlimani. Mwaka huu ana zaidi ya miaka 80.

Fungurume yenyewe haijapata kimya. Tangu mwaka 2015 iko katika mkoa wa Lualaba, na mahali treni ya Mimi na Toutou ilipoishia pamezungukwa sasa na machimbo makubwa ya shaba na kobalti. Barabara ya kitaifa nambari 1 inabeba mzigo huo usiku na mchana: makamyo yenye madini yanateremka kuelekea Kasumbalesa, mengine yanapanda na asidi ya viwandani. Mwezi Februari 2019 kamyo ya asidi ilipata ajali na basi kwenye barabara ya Kolwezi, na watu zaidi ya 15 wakafa, wengi wao wakiwa abiria na wanakijiji ambao hawakuwa na sehemu yoyote katika mzigo ule.

Kwa anayetaka kuona kilichobaki, treni ya SNCC inayotoka Lubumbashi kuelekea Kamina bado inapita Tenke na kushuka hadi Bukama, inaposafiri. Baada ya Fungurume, akitazama dirishani kabla ya giza, ataona mabonde ambayo watu wale waliyavuka kwa wiki sita.