Ujumbe wa Kazini Unapokwama Njiani

Ujumbe unaotumwa kwa programu ya mawasiliano ya kazini, iwe WhatsApp, Slack au Microsoft Teams, hautoki kwa mtumaji ukaingia moja kwa moja kwenye simu ya mpokeaji. Kwanza hutoka kwenye kifaa cha mtumaji na kufika kwenye seva za kampuni inayomiliki programu, kisha seva huupeleka kwa mpokeaji. Mpokeaji akiwa amezima data, seva huushika kama karani wa stendi anavyoshika kifurushi kilichokuja na basi mpaka mwenyewe atokee. Sambamba na ujumbe huo kuna kitu kingine kinachosafiri, nacho ni arifa: ule mlio na maandishi yanayojitokeza juu ya kioo kumwambia mtu kwamba ametumiwa ujumbe. Arifa hupita njia yake yenyewe. Malalamiko mengi ya ofisini kwamba ujumbe haukufika ni malalamiko ya arifa iliyopotea, na anayetafuta hitilafu bila kutenganisha mambo hayo mawili atahangaika mahali pasipo na tatizo.

Kazi ya kwanza, basi, ni kujua ujumbe umefika wapi. WhatsApp huonyesha hilo waziwazi. Alama ya saa ina maana kwamba ujumbe bado umo kwenye simu ya mtumaji. Tiki moja ya kijivu, kwamba umefika kwenye seva. Tiki mbili za kijivu, kwamba umeingia kwenye kifaa cha mpokeaji. Na zikigeuka bluu, umesomwa. Kwenye kikundi hesabu hubadilika: tiki ya pili haitokei mpaka wanakikundi wote wawe wamepokea. Katika kikundi cha idara chenye watu 40, simu moja iliyozimwa inatosha kuubakiza ujumbe na tiki moja hata kama wapokeaji wengine 38 wameshausoma. Mtumaji akiubonyeza ujumbe kwa sekunde chache na kufungua maelezo yake, ataona majina ya waliopokea na waliosoma. Teams hutumia duara lenye tiki kwa ujumbe uliotumwa na alama ya jicho kwa uliosomwa. Slack haina alama ya kuonyesha kwamba ujumbe umesomwa. Ujumbe ulioshindwa kutoka ndio huwekewa onyo.

Ujumbe uliobaki na alama ya saa una tatizo upande wa mtumaji. Minara kuonekana imejaa juu ya kioo si uthibitisho kwamba kuna intaneti. Bando huweza kuwa limekwisha, au ni bando la mitandao ya kijamii linaloruhusu WhatsApp peke yake, hivyo Slack na Teams zikakwama huku WhatsApp ikienda vizuri. Wi-Fi za hotelini na kwenye kumbi za mikutano nazo mara nyingi hudai mtu afungue kivinjari na kukubali masharti kwanza. Kabla ya hapo simu husema imeunganishwa ilhali hakuna kinachopita. Tarehe ya simu pia huvuruga mambo. Programu hizi hukagua vyeti vya usalama vya seva, na kila cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Simu iliyorudi mwaka wa nyuma baada ya betri kutolewa hukiona cheti halali kuwa hakifai na kukataa kuunganishwa. Dawa yake ni kuruhusu simu ijipangie saa na tarehe kutoka kwenye mtandao.

Tiki moja inayokaa muda mrefu huelekeza macho upande wa mpokeaji: simu imezimwa, data imezimwa, programu imefutwa, au mpokeaji amemzuia mtumaji. WhatsApp hushikilia ujumbe usiopokelewa kwa siku 30, kisha huufuta kwenye seva. Kuna hali moja inayowaonea sana wafanyakazi wapya. Ofisi nyingi hutuma matangazo kwa orodha ya WhatsApp inayopeleka ujumbe mmoja kwa watu wengi, kila mmoja kwenye mazungumzo yake. Orodha hiyo humfikia tu mtu aliyehifadhi namba ya mtumaji kwenye simu yake. Mfanyakazi aliyeajiriwa wiki hii na hajahifadhi namba ya ofisa utumishi hatapata tangazo, na hakuna atakayemwambia kwamba lilitumwa. Kuhifadhi namba hiyo kunafaa kuwe sehemu ya mambo ya siku ya kwanza kazini.

Wakati mwingine panapostahili kuwa na ujumbe hutokea maandishi ya kumtaka mpokeaji asubiri. Ujumbe wa WhatsApp hufungwa kwa funguo zinazokaa kwenye vifaa vya wahusika, na mpokeaji aliyefuta programu na kuiweka upya huwa na funguo mpya. Simu ya mtumaji hulazimika kuutuma ujumbe tena kwa funguo hizo, kwa hiyo ni lazima nayo iwe hewani. Kumwomba mtumaji afungue WhatsApp kwa kawaida humaliza jambo hilo.

Hitilafu za arifa ndizo zenye sura nyingi zaidi. Kwenye simu za Android arifa huletwa na huduma ya Google, na kwenye iPhone huletwa na huduma ya Apple, ili kila programu isilazimike kukaa macho kutwa nzima ikila chaji. Toleo la 6.0 la Android, la mwaka 2015, lilianzisha utaratibu wa kuipumzisha simu iliyotulia, isiyo kwenye chaji na yenye kioo kilichozimwa. Arifa zenye uzito wa juu bado hupenya, lakini watengenezaji wengi wa simu wameongeza visimamizi vyao vya betri ambavyo huifunga kabisa programu isiyofunguliwa kwa muda.

Mfano ni wa mtunza ghala aliyetumiwa orodha ya mizigo saa mbili asubuhi. Simu imelala mezani, imenyamaza. Saa tano anafungua programu ili amwulize msimamizi wake jambo jingine, na hapo ndipo ujumbe wote wa asubuhi unaingia kwa mkupuo. Msimamizi anadhani alipuuzwa, na mtunza ghala hana kosa lolote. Tiba iko kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya betri, ambako programu ya kazini huruhusiwa kufanya kazi bila kizuizi. Kuanzia Android 13, ya mwaka 2022, programu mpya hulazimika pia kuomba ruhusa ya kutoa arifa, na aliyegusa neno la kukataa kwa haraka hatasikia mlio mpaka airudishe ruhusa hiyo. Slack ina tabia yake: mtu akiwa anatumia kompyuta, arifa za simu huweza kucheleweshwa. Aliyetoka kwenda kikaoni na kuacha kompyuta wazi anafaa kukagua muda uliopangwa wa arifa kuhamia kwenye simu.

Mtandao wa ofisi nao huweza kuzuia arifa. Huduma ya Google hutumia milango ya mtandao yenye namba 5228 hadi 5230, na ya Apple hutumia 5223. Mtaalamu wa tehama akiifunga milango hiyo, kurasa za intaneti zitafunguka kama kawaida lakini arifa huweza kuchelewa au kupotea. Kipimo chake ni chepesi: mtumiaji azime Wi-Fi ya ofisi na kuwasha data ya simu. Arifa zikimiminika, kosa liko kwenye mtandao wa ofisi.

Baadhi ya hitilafu ziko mbali na mtumiaji. Tarehe 4 Oktoba 2021, badiliko la mipangilio ndani ya mtandao wa kampuni ya Facebook liliizima WhatsApp duniani kote kwa takribani saa sita. Tarehe 12 Mei 2024, kukatika kwa nyaya za baharini za EASSy na Seacom kulidhoofisha intaneti Tanzania, Kenya na nchi jirani. Nyakati kama hizo kufuta programu na kuiweka upya hakusaidii, na huweza kupoteza mazungumzo ambayo hayakuhifadhiwa nakala. Ukurasa wa hali ya huduma wa kampuni husika ndio wa kutazamwa kwanza.

Tatizo likiendelea, mtaalamu wa tehama huhitaji saa ujumbe ulipotumwa na ulipoonekana, aina ya simu na toleo la mfumo wake, mtandao uliotumika, alama iliyokuwa kwenye ujumbe, na kama ni mtu mmoja au ofisi nzima iliyoathirika. Picha ya kioo chenye onyo, ikipigwa kabla simu haijazimwa na kuwashwa upya, humsaidia zaidi ya maelezo marefu ya mdomo.