Taa ya dukani inaonyesha nini kwenye noti, na haionyeshi nini

Muuza maembe wa Machakos akishusha mzigo wake Kongowea alfajiri hulipwa taslimu, gizani, na kwa haraka. Noti moja ya elfu ikiwa bandia, hasara ni yake. Akiipeleka benki itazuiliwa, wala hapewi nyingine badala yake.

Siku hizi wengi wamenunua zile taa ndogo za kukagulia noti, na nimesikia zikiitwa taa za infraredi. Sizo. Mwangaza ule wa zambarau ni wa urujuanimno. Ndio unaofanya wino na nyuzi zilizofichwa ndani ya noti zing'ae, ilhali karatasi yenyewe hubaki imefifia. Karatasi ya kawaida ya dukani hutiwa dawa ya kuifanya nyeupe, basi chini ya taa hiyo huwaka samawati yote kwa jumla. Noti ikiwaka namna hiyo, itilie shaka. Lakini tahadhari: noti halali iliyosahaulika mfukoni ikafuliwa kwa sabuni ya unga nayo huweza kung'aa vivyo hivyo. Usimwite mtu mwizi kwa makosa ya dobi.

Infraredi ni jambo jingine. Jicho haliioni kabisa. Huonwa na kamera, au na kihisi kilichomo ndani ya mashine ya kuhesabia pesa. Kuna wino unaoimeza miale hiyo na mwingine unaoiachia ipite, kwa hivyo mbele ya mashine sehemu ya mchoro hutoweka. Mghushi aliyeiga vyema rangi anazoziona hukwama hapo.

Na asiye na mashine je? Noti zilizotolewa 2019, zenye jumba la KICC, zina alama zinazotosha mikono na macho. Papasa neno KENYA na thamani ya noti: yafaa vikwaruze kidole. Inyanyue kwenye mwanga utaona kichwa cha simba, herufi CBK na thamani. Igeuzegeuze, uzi wake ubadilike rangi. Zile za 2024, zenye saini ya Gavana Kamau Thugge, zimetiwa uzi mpya, kwa hivyo noti mbili za elfu zenye nyuzi zisizofanana zote zaweza kuwa halali.

Ukagulie pale pale, kabla mnunuzi hajaondoka. Ukishaitambua kuwa bandia kisha ukampitishia mwenzio, hapo wewe ndiwe mwenye kosa la jinai, si yule aliyekupa tu.