Rekoda ya Mazoezi ya Bendi: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kununua

Bendi inapofanya mazoezi, kila mwanamuziki husikia zaidi ala yake mwenyewe. Mpiga dramu hatambui kwamba anakimbiza mdundo kila wanapofika kwenye kiitikio, wala mpiga besi hajui kwamba amemfunika mwimbaji. Rekoda ndogo ya mkononi huwarudishia wimbo kama anavyousikia mtu aliyeketi mbele yao. Kazi yake ni hiyo, na sifa za kutafuta dukani zinatokana nayo.

Muziki wa nyanda za Bonde la Ufa umerekodiwa kwa muda mrefu. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi nyimbo za Wakipsigis kwa mitambo iliyosafirishwa kwa gari. Baadaye wanamuziki wengi wa Kikalenjin walikwenda kurekodi Kericho, kwenye studio ya Chandarana. Leo bendi ya Eldoret inaweza kupata rekoda kama Zoom H1n au Tascam DR-05X, yenye maiki mbili na memori kadi, inayoingia mfukoni.

Sifa ya kwanza ni kustahimili kelele. Katika chumba kidogo, dramu na spika za gitaa huvuka desibeli 100 kwa urahisi. Simu huhangaika hapo, kwa kuwa maiki zake zimetengenezwa kwa mazungumzo: sauti ikipanda huishusha yenyewe, ikishuka huipandisha. Ubeti wa taratibu na kiitikio cha nguvu hutoka sawasawa, na bendi haiwezi kujua kama inapandisha na kushusha wimbo inavyopaswa. Kwa hiyo itafutwe rekoda ambayo kiwango cha sauti hupangwa kwa mkono na ambayo maiki zake zinastahimili angalau desibeli 120. Kiwango hupangwa wakati bendi inapiga wimbo wake wenye kelele zaidi, vilele vikiachwa karibu na desibeli 12 chini ya sifuri ya mita ya rekoda. Sauti ikivuka sifuri hupasuka, na kwa kawaida haitengenezeki tena.

Baadhi ya rekoda mpya, kama Zoom H1essential ya mwaka 2024, hurekodi kwa mfumo wa biti 32 wa aina ya float, usiohitaji kupanga kiwango. Mfumo huo humfaa asiye na fundi wa sauti, lakini hauokoi sauti iliyokwisha kuzidi uwezo wa maiki zenyewe.

Maiki nazo hutofautiana. Zile za H1n zimepishana na husikia zaidi upande wa mbele, hivyo zinafaa bendi ikiwa imejipanga upande mmoja. Za DR-05X husikia pande zote, zikafaa kwaya iliyosimama kwa duara, ila huchukua pia mwangwi wa chumba. Rekoda za traki nne, kama Zoom H4n, huweza kupokea sauti ya mwimbaji kutoka kwenye mixa na kuiweka kando na sauti ya chumba. Hilo lina faida kwa rekodi ya kuuza; kwa mazoezi, maiki mbili zinatosha.

Kuhusu nafasi kwenye kadi, saa moja ya WAV (sauti isiyobanwa) ya biti 24 na kilohezi 48 huchukua takriban gigabaiti 1, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 32 hubeba saa 30 hivi. MP3 ya kilobiti 128 huchukua megabaiti 60 hivi kwa saa, nayo ndiyo rahisi kutumiana kwa simu bila kumaliza bando. Busara ni kurekodi WAV, kisha kutengeneza nakala ya MP3.

Chumba chenyewe huamua mengi. Kumbi nyingi za mazoezi zina paa la mabati, na mvua ya Eldoret hunyesha sana kati ya Machi na Septemba. Hakuna rekoda inayoweza kutenganisha kishindo cha mvua na muziki, kwa hiyo ni bora kurekodi kabla mvua ya alasiri haijaanza. Mablanketi yakitundikwa ukutani hupunguza mwangwi. Rekoda iwekwe kwenye stendi, usawa wa kichwa, mita mbili au tatu mbele ya bendi. Ikiwekwa juu ya meza au spika hunasa mtetemo wa besi. Rekoda inayotumia betri za kawaida ina nafuu stima inapopotea.

Kabla ya kulipa, mnunuzi arekodi kitu dukani na kukisikiliza kwa hedifoni. Memori kadi ijazwe hadi mwisho ndani ya siku za kurudisha bidhaa, kwa sababu kadi feki huonyesha nafasi isiyokuwepo. Bendi yenye pesa kidogo inunue rekoda rahisi ya maiki mbili inayostahimili kelele, na salio liende kwenye stendi, betri na kadi halisi.