Kupunguza mwili (4): Vijana wa Minnesota na somo la njaa

Desemba 2025 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu sindano za kupunguza mwili kwa watu wazima wenye unene uliopindukia. Tangu hapo swali ninaloulizwa ni lile lile: kama sindano ipo, ya nini tena kuhesabu kalori na kuhangaika na mazoezi? Nitalijibu. Ila kwanza sharti turudi nyuma miaka 80, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu ilipatikana katika miili ya vijana 36, na naona ni dhuluma watu kujikondesha kila leo bila kuwahi kusikia habari zao.

Novemba 1944, vita vikiwa havijaisha Ulaya, vijana hao walihamia katika vyumba vilivyokuwa chini ya majukwaa ya uwanja wa mpira wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Wote walikuwa wamekataa kushika silaha kwa sababu ya imani zao, wengi wakitoka katika makanisa yanayofundisha amani, kama Quaker, Mennonite na Brethren. Mtafiti Ancel Keys alitaka watu wa kukubali njaa kwa hiari, ili madaktari wajue namna ya kuwalisha raia watakaokutwa wamedhoofu vita vikiisha. Vijana wakajitolea. Hawakutaka kumuua mtu, wala hawakutaka kukaa kando wenzao wakiteseka. Nawaheshimu sana, na laiti ningekuwa na mamlaka ningeamuru kisa chao kifundishwe katika kila chuo cha uuguzi na kila darasa la sayansi kimu.

Wiki 12 za mwanzo walilishwa vizuri, kama kalori 3,200 kwa siku. Februari 12, 1945 chakula kikakatwa hadi karibu nusu: wastani wa kalori 1,570 hivi, katika milo miwili, kwa wiki 24. Viazi, kabichi, mkate, makaroni. Nyama ilikuwa ya kuonja tu. Na kila wiki walitakiwa kutembea kilomita 35 hivi. Simama hapo kidogo, ndugu msomaji. Kiasi hicho cha chakula, ambacho wanasayansi wa wakati ule walikiita njaa, leo kinatolewa kama ushauri wa kawaida, na wapo mabibi harusi watarajiwa wanaokula chini ya hapo miezi mitatu kabla ya sherehe huku ndugu na mashoga wakiwapongeza.

Walipungua, hapana shaka. Kwa wastani walipoteza karibu robo ya uzito wao. Lakini tazama gharama yake. Mapigo ya moyo yalishuka, kwa baadhi yao hadi 35 kwa dakika. Mwezi Julai, katikati ya kiangazi cha huko, walitaka blanketi. Nguvu ambayo mwili huitumia ukiwa umetulia tu, bila kazi yoyote, ilipungua kwa karibu asilimia 40. Miguu ilivimba. Mezani walilamba sahani hadi zikang'aa. Wengine waliongeza maji kwenye chakula ili kionekane kingi, wakakaa nacho muda mrefu wakikichezea. Hamu ya vitabu ikaisha, hamu ya wasichana ikaisha, wakabaki wakisoma vitabu vya mapishi kama watu wanaosoma Zaburi. Walikuwa vijana wapole, lakini waligombana kwa mambo madogo kabisa.

Kisha wakarudishiwa chakula, na hapo ndipo penye somo kubwa kuliko yote. Hata walipoachiwa kula watakavyo, wengi waliendelea kuhisi njaa wakiwa wameshiba, wakala kupita kiasi kwa wiki kadhaa. Mafuta ya mwilini yalirudi haraka kuliko misuli, na wapo waliokuja kuwa na mafuta mengi kuliko waliyokuwa nayo kabla ya jaribio. Keys aliyaandika yote mwaka 1950 katika majuzuu mawili yenye kurasa zaidi ya 1,300.

Kwa hiyo mama aliyejinyima hadi akapungua kilo 10, kisha akarudisha 12, asiambiwe hana nidhamu. Vijana wa Minnesota walikuwa na nidhamu ya kutosha kukataa bunduki mbele ya taifa zima, na bado njaa iliwashinda. Kumdhihaki mtu mnene kuwa ni mlafi au mvivu ni kosa la elimu na pia ni kosa la adabu.

Hesabu ya mtaani nayo inakwama papo hapo. Mwaka 1958 daktari Max Wishnofsky aliandika kanuni ambayo kwa vipimo vyetu ni takriban kalori 7,700 kwa kilo moja ya uzito. Wengi wakaifuata kama amri: punguza kalori 500 kwa siku, utapungua karibu nusu kilo kila wiki, daima. Ingekuwa hivyo, mtu wa kilo 75 angetoweka kabisa baada ya miaka mitatu na kidogo. Kanuni hiyo inakaribia ukweli mwanzoni tu. Kadiri mwili unavyopungua ndivyo unavyohitaji chakula kidogo, na juu ya hapo unabana matumizi. Mwaka 2016 Kevin Hall na wenzake waliwapima watu 14 waliokuwa wameshiriki shindano la televisheni la kupunguza uzito huko Marekani. Miaka sita baada ya shindano, miili yao ilikuwa ikitumia kama kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa umri na umbo lao.

Na mazoezi? Jibu lilipatikana hapa kwetu Tanzania, kando ya Ziwa Eyasi. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake, akiwemo mwanaakiolojia wetu Audax Mabulla, walichapisha vipimo vya Wahadzabe watu wazima 30. Walinyweshwa maji yenye hidrojeni nzito na oksijeni nzito, kisha mkojo wao ukachukuliwa kwa siku kadhaa. Hidrojeni hutoka mwilini pamoja na maji tu, ilhali oksijeni hutoka na maji na pia na hewa ya kaboni. Tofauti ya kasi ambayo viwili hivyo hutoka nayo huonyesha kalori zilizotumika. Wanaume walitembea kama kilomita 11 kwa siku wakiwinda na kufuata asali. Wanawake walitembea karibu 6, wakachimba mizizi kwa vijiti vilivyochongwa katika ardhi yenye mawe. Lakini ukizingatia ukubwa wa miili, jumla ya kalori zao za siku haikutofautiana na ya watu wa maofisini Marekani na Ulaya.

Asitokee mtu akasema basi mazoezi hayana kazi. Wahadzabe ni wembamba na mioyo yao ni imara hata uzeeni. Maana yake ni kwamba uzito unashushwa hasa na sahani, na mazoezi yanaulinda mwili unaoshuka. Soda moja ya chupa ya kioo ina kalori kama 130; kuzitoa kwa miguu kunahitaji zaidi ya kilomita mbili, wakati kuiacha hakuhitaji hatua hata moja. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kama 120, na mpishi wetu humimina bila kuhesabu. Lakini mtu anayepungua bila mazoezi hupoteza na misuli, mara nyingi hadi robo ya uzito uliotoka. Kutembea haraka dakika 150 kwa wiki, pamoja na siku mbili za kunyanyua kitu kizito, hata ndoo ya maji, kunaiokoa sehemu kubwa ya misuli hiyo. Punguza nusu kilo kwa wiki, isizidi kilo moja, na usiruke mlo.

Sasa sindano. Dawa kama semaglutide hupunguza ile njaa iliyowatesa vijana wa Minnesota, na si jambo dogo hilo. Katika jaribio lake kubwa, watu walipungua kwa wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito katika wiki 68. Walipoacha kuchomwa, ndani ya mwaka mmoja walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya kilichotoka. Ndiyo maana mwongozo wa WHO unaiweka kuwa tiba ya muda mrefu, tena iambatane na mpango wa chakula na mazoezi, na hauwahusu wajawazito. Anayeitaka aanze kwa daktari atakayempima sukari, presha na figo, asinunue kwa mtu wa mtandaoni asiyejulikana alipoihifadhi. Dawa hizi hutunzwa kwa ubaridi.

Wiki ijayo tutazungumzia protini: kunde, maharage na dagaa, na kiasi gani kinamtosha mtu anayepungua.