Jasho la Msomaji Mdogo

Mtoto amelala chali ndani ya mashine ya MRI, kimya, kichwa hakiruhusiwi kutikisika. Anasikia maneno mawili mawili na kuamua kama yana kina kimoja. Ni kazi nyepesi, ungesema. Lakini mwaka 1999, mjini Seattle, Marekani, timu ya Todd Richards na Virginia Berninger wa Chuo Kikuu cha Washington ilieleza jambo zito: kwa kazi ya namna hiyo, wavulana wenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma usiotokana na upungufu wa akili, walitumia eneo la ubongo lililozidi la wenzao karibu mara tano.

Walijuaje? Mashine hiyo hiyo, mbali na kupiga picha, hupima kemia ya ubongo bila sindano wala kisu, kwa kuwa kila kemikali ina mawimbi yake. Wao walifuatilia lakteti, ile ile inayopanda katika misuli ya mkimbiaji. Seli zikichoma sukari kwa kasi, lakteti huongezeka. Wavulana wale walipopewa milio mitupu isiyo maneno waitofautishe, hawakuwa tofauti na wenzao. Masikio yalikuwa mazima. Kilichowatoa jasho ni sauti za lugha.

Mara tano! Na huyu ndiye mtoto anayeitwa mvivu mbele ya darasa.

Kisha wavulana wenye disleksia wakafundishwa kwa wiki tatu namna sauti zinavyofungamana na herufi. Walipopimwa tena, lakteti ilikuwa imeshuka.

Na si lakteti peke yake. Mwaka 2014, Kenneth Pugh na wenzake wa maabara ya Haskins, New Haven, Marekani, walipima watoto wanaoanza kusoma wakaona kwamba wenye kemikali za glutameti na kolini nyingi zaidi ubongoni ndio waliosoma kwa shida zaidi. Glutameti ni kemikali ambayo seli za neva huamshana nayo.

Na kwetu? Kiswahili husomeka kama kinavyoandikwa. Katika lugha za namna hii, kama Kiitaliano, mwenye disleksia huwa hakosei sana maneno. Husoma polepole, na ugumu wake hupita bila kutambuliwa. Mzazi, mwalimu, mtoto akikwama kwenye silabi, weka fimbo chini. Mrudishe kwenye sauti, ba, be, bi, na umpe muda, kwa sababu huenda tayari anafanya kazi kuliko wote darasani.