Hilux Isiyozama Kwenye Theluji

Je, wajua kwamba huko Iceland, juu ya barafu ya Vatnajökull, Toyota Hilux hupita palipo na theluji laini ambayo dereva akishuka inammeza hadi magotini? Ni Hilux hii hii tunayoijua, ila imeinuliwa na kufungwa matairi yenye kimo cha inchi 38 au hata 44. Siri yenyewe lakini ni upepo wa ndani ya matairi: shinikizo la PSI 3 hivi, wakati gari la mjini hujazwa 30 na ushei. Gari la namna hiyo, kazi ya kampuni ya Arctic Trucks, ndilo lililowafikisha watangazaji wa Top Gear wa BBC mahali palipowahi kuwa ncha ya sumaku ya kaskazini, mwaka 2007.

Tuseme gari lina kilo 2,400, yaani kilo 600 kwa kila tairi. Kwa PSI 35, tairi linagusa ardhi kwa sentimita za mraba 240 hivi, eneo lisilofika hata nusu ya karatasi ya A4. Punguza upepo: tairi linalegea, sehemu inayogusa chini inarefuka mbele na nyuma, na uzito ule ule unatawanyika. Mtu wa kilo 70 akisimama kwa mguu mmoja huikandamiza theluji kwa PSI 5 hivi, na tairi hilo legevu kwa 3 hivi, kwa hiyo si ajabu azame yeye, gari lipite. Madereva wa mchanga wa Oman wanaujua ujanja huu vizuri.

Ujanja huu una gharama zake. Tairi lililolegea kiasi hicho huchomoka kwenye rimu, ndiyo maana huko hufungwa rimu maalumu zinazolibana. Na ukirudi kwenye lami sharti ulijaze tena, maana kwa mwendo kasi linakunjika na kukunjuka, linapata moto, mwisho linapasuka.

Wapo wanaosikia habari hizi wakapunguza upepo ili wasiteleze mjini wakati wa baridi. Hapo wanajiponza. Kwenye lami yenye theluji iliyoyeyuka nusu, tairi linatakiwa lisukume ule uji pembeni ligusane na barabara. Tairi legevu linakandamiza kidogo, katikati yake panabonyea kwenda juu, na gari linaanza kuelea. Usukani unalegea, gari linachelewa kuitika.

Tena baridi yenyewe inapunguza upepo bila kuombwa. Joto likishuka nyuzi 10 za Selsiasi, tairi hupoteza PSI 1.5 hivi. Ukilijaza 32 ndani ya gereji yenye nyuzi 20, kisha gari likalala nje kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, asubuhi utakuta 26 hivi, na hakuna hata tundu la sindano. Namba ya upepo iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango ni ya tairi lililopoa, basi pima kabla gari halijatembea.